Jibu: Kubaki peke yako na watoto wote
Dada, pole. Umeuliza ufanyeje unapoachiwa watoto ishirini na kitu peke yako hapo chekechea Jinja. Anza na daftari. Kila jioni andika tarehe, idadi ya watoto, walezi waliokuwepo na lililotokea, mfano mtoto kaanguka mlangoni wakati unambadilisha mwenzake nepi. Wewe na walezi wenzako mwoneni mkurugenzi wa chekechea mkiwa wawili watatu. Ukienda peke yako utaitwa mkorofi, nawajua hao. Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 inaweka kikomo cha saa 48 kwa wiki na siku nzima ya mapumziko. Akiwapuuza, nendeni kwa afisa wa kazi wa wilaya au jiji, na daftari mkononi. Chai ya saa nne pia msiiache, kunyweni kwa zamu.