Kabla ya Kuamini Matokeo ya Uigaji, Chunguza Namba Nasibu Zilikotoka

Katika kazi yangu ya uigaji wa kompyuta, sisomi jedwali la matokeo kabla ya kuuliza namba nasibu zilizotumika zilitoka kwenye kizalishi gani, yaani programu gani ya kuzizalisha. Kompyuta haibahatishi: hukokotoa kila namba kwa kanuni, ikianzia na namba iitwayo mbegu, na kanuni hiyo ikiwa na mpangilio uliojificha, mpangilio huo huingia katika jibu bila onyo lolote. RANDU, kanuni iliyotumika sana katika kompyuta za IBM miaka ya 1960, ilizidisha kila namba kwa 65539. Namba zake zikitazamwa mojamoja zilionekana kutawanyika vizuri, lakini zikipangwa tatutatu kama nukta angani, zote huangukia kwenye bapa 15 tu.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha mwaka 1992. Watafiti Ferrenberg, Landau na Wong waliiga modeli ya Ising ya pande mbili, ambayo ni mfano wa kihisabati wa sumaku, kwa algoriti ya Wolff, njia inayogeuza vikundi vya chembe kwa pamoja, wakijua kwamba jibu lake kamili lilipatikana kwa njia ya mwanasayansi Onsager ya mwaka 1944. Kizalishi R250, kilichohesabiwa kuwa bora, kilitoa nishati iliyopotoka kupita mipaka ya kosa la takwimu (mtikisiko unaotokana na uchache wa sampuli), ilhali kanuni rahisi ya kuzidisha ilikaribia zaidi ukweli. Bila jibu la Onsager, nani angegundua? Sampuli zikiongezwa mara 100, kosa la takwimu hupungua mara 10, lakini upotofu wa kizalishi hubaki palepale, na mtafiti huzidi kuliamini jibu lisilo sahihi.

Kwa hiyo nakushauri uanze na tatizo lenye jibu linalojulikana, tena linalotumia algoriti ileile ya kazi yako, kwa kuwa kizalishi kinachofaa kwa algoriti moja huweza kuharibu nyingine. Kisha rudia kazi kwa kizalishi cha ukoo tofauti, kwa mfano PCG64 baada ya Mersenne Twister. Majibu yakitofautiana kupita kosa la takwimu, usichapishe chochote mpaka ujue sababu.

Mbegu nayo isichukuliwe kutoka kwenye saa ya kompyuta. Kazi 16 zikianza katika sekunde moja zinaweza kupata mbegu moja na kurudia mfululizo uleule, na ukizihesabu kuwa huru, kosa utakaloripoti litakuwa robo tu ya kosa halisi. Katika NumPy, maktaba ya hesabu ya lugha ya Python, zana iitwayo SeedSequence hugawa mbegu tofauti kwa kila kazi. Ziandike kwenye faili la matokeo pamoja na jina la kizalishi na toleo la programu.