Jirani mzee amelala, majirani wanapita tu

Dada, umeuliza utamsaidiaje bibi wa hapo Majengo, Moshi, aliyelala tangu apigwe na kiharusi, watoto wake wako Dar, na majirani wanaishia getini na "pole bibi".

Anza na ngozi. Mgeuze kila baada ya saa mbili, lakini usimlaze ubavu kamili: mwegemeze nusu, mto mgongoni, la sivyo uzito wote unabana nyonga na damu haipiti. Mto mwingine weka chini ya vigimbi, visigino vielee. Usimvute mkono, hasa ule uliopooza, bega litateguka; tandika shuka lililokunjwa chini yake, mvute nalo watu wawili. Asubuhi gusa visigino, nyonga na juu ya makalio. Kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo sikilizia joto au ugumu. Ukiupata, usipakande, na asilalie hapo.

Mtori mpe akiwa amekaa wima, kijiko kidogo kidogo, abaki hivyo nusu saa. Akikohoa kila anapomeza, acha. Mpeleke hospitali apimwe umezaji.

Majirani si roho mbaya, kila mmoja anadhani mwenzake ameshaenda. Ukisema "jamani tumsaidie" hupati mtu. Mfuate mmoja: "Jumanne saa nane mchana, dakika kumi, tumgeuze." Watoto nao waombe kitu chenye jina, nepi za wiki mbili, siyo "chochote".

Wewe chukua zamu mbili tu kwa wiki. Wanaokwenda mara tano kwa siku huwa hawaonekani wiki ya tatu.