Mwanangu Amesema Hakuna Mungu: Majibu ya Barua Zenu wa Mwanza na Visiwani

Mwangaluka wasomaji. Majuma matatu yaliyopita niligusia habari ya kijana asiyeamini Mungu aliyebaki ameketi wakati wa sala kwenye harusi moja Kirumba, na tangu siku ile simu yangu haijapumzika. Kuna walioandika kwa hasira, kuna walioandika wakilia. Kabla sijajibu, mjue ninakosimama. Mimi ni Mkristo, nimebatizwa, nasali. Ila nimelelewa na babu ambaye kila alipokwenda mahakama ya mwanzo kutoa ushahidi wa kesi za ng'ombe, karani aliandika "Msukuma, mkulima, mpagani", naye hakuona tusi lolote ndani yake. Bibi alikuwa wa kanisa la AIC, akiimba tenzi alfajiri huku anapepeta mpunga. Walizeeka pamoja. Ndiyo maana mtu akiniambia nyumba yenye imani na kutoamini haikaliki, nashindwa kuitikia.

Shikamoo dada. Mwanangu wa kwanza amerudi likizo kutoka chuo, anasema haamini tena kama kuna Mungu. Wiki ijayo jumuiya inasali kwangu na ameapa hatatoka chumbani. Mwenyekiti wa jumuiya ameshapata habari. Naona aibu, usiku silali. (Mama, Igoma)

Marahaba mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mungu umemtaja mara moja tu, mengine ni jumuiya, mwenyekiti na aibu. Tuanzie hapo, maana kinachokunyima usingizi ni macho ya wenzako watakaokaa kwenye mkeka wako wakijiuliza ulimlea vipi.

Usimburute. Niliwahi kukaa kwenye sala ya nyumbani Nyakato, kijana wa namna hiyo akaitwa katikati ya sebule, akapigishwa magoti, watu wazima wakamwekea mikono kichwani. Alikubali kwa sababu mama yake alikuwa analia. Mimi nilikuwa karibu na mlango, nikaona vidole vyake vya miguu vimejikunja kwenye saruji mpaka sala ilipoisha. Watu walitoka wanashangilia. Yule kijana hakulala tena nyumba ile.

Mwombe mwanao kitu anachoweza kukupa bila kusema uongo. Akaazime mabenchi kwa jirani, awapokee wazee getini kwa shikamoo, awatilie chai. Kumsalimia mgeni wa mama yake ni adabu aliyofundishwa kabla hajajua kusoma, hakuna imani anayoikiri hapo. Sala ikianza, aende zake. Mwenyekiti nawe umfuate kabla ya siku yenyewe, umwambie waziwazi kwamba hutaki jina la mwanao litajwe kwenye maombi mbele ya watu. Akikubishia, mkumbushe kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 kuhusu Kanisa katika ulimwengu wa leo, ulikiri kwamba waamini wenyewe wana sehemu yao watu wanapomkana Mungu, pale mafundisho yao na maisha yao yanapoficha sura yake. Hayo ni maneno ya maaskofu, hajayatunga mwanao chuoni.

Halafu wageni wakishaondoka, muulize ilianza lini. Usimjibu. Sikiliza tu. Mara nyingi mtu hakuanza na kitabu, alianza na msiba au na sala aliyoisali kwa machozi isijibiwe. Ninyi wa Igoma mnalijua hili kuliko wote, maana makaburi ya waliokufa na meli ya MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, yako kwenu. Nazifahamu familia ambazo mmoja alitoka makaburini pale ameshika rozari kwa nguvu kuliko alivyokwenda, na ndugu yake wa tumbo moja akaiweka chini asiiokote tena. Walikuwa wanamlilia mtu yuleyule.

Mimi navua dagaa kwenye kambi moja upande wa Ukerewe. Kabla ya kusukuma mtumbwi, tajiri mwenye mtumbwi anatuombesha. Juzi mimi sikufunga macho, nilinyamaza tu. Usiku ule tukarudi na ndoo mbili. Sasa wenzangu wanasema nina mkosi na tajiri anataka nishuke. (Mvuvi)

Hesabu siku za mwezi, ndugu yangu. Dagaa anafuata mwanga. Mbalamwezi ikiwaka, ziwa zima ni taa, taa zenu zinakuwa hazina kazi, na ndiyo sababu kambi hupumzika mwezi ukiwa mpevu. Usiku ule mwezi ulikuwa na siku ngapi? Betri zilikuwa zimejaa? Upepo ulikuwaje? Maswali hayo tajiri wako anayajua tangu utotoni, ni vile hasira imemziba.

Nenda kwake mchana, akiwa peke yake, dagaa wakiwa wameanikwa na watu wamelala. Mwambie: "Tajiri, mkisali nitavua kofia na nitanyamaza, sitamcheka mtu. Kasia nitavuta kama wengine." Akishikilia ushuke, mgao wa usiku uliokwisha kufanya kazi ni jasho lako, na viongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo wenu, wapo kwa mambo kama hayo.

Wenzako nao wasikuudhi sana. Mtu anayeingia ziwani gizani, radi zinapiga upande wa Ukara, ana kila sababu ya kutafuta pa kushika. Mngemwomba tajiri kwa sauti moja awanunulie jaketi okozi, hilo mngekubaliana wote, mwenye kusali na asiyesali.

Nikikaribishwa chakula na watu wanasali, nifumbe macho? (Asiye na dini, Nyegezi)

Hapana. Weka mikono yako mbali na sahani, subiri, wakimaliza karibu chakula. Asiyekuambia neno usimwanzishie mjadala, wali unapoa.

Nimeomba kazi ya uhasibu kwenye kampuni binafsi hapa mjini. Fomu inataka niandike dini na niambatanishe barua ya mchungaji. Sina dini. Nidanganye? (Mhitimu, Buzuruga)

Usidanganye, maana uongo huo utaubeba kila Jumatatu wenzako wakikuuliza jana ulisali wapi. Andika "sina". Badala ya barua ya mchungaji peleka ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, au ya mwalimu anayekufahamu.

Na ujue haki yako. Ibara ya 19 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi katika mambo ya dini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza mwajiri kubagua kwa sababu ya dini. Kama kazi yenyewe inadai imani, mfano katekista, hilo ni jambo lingine. Kujumlisha hesabu hakuhitaji ubatizo. Serikali yenyewe inapotuhesabu haijatuuliza dini tangu sensa ya 1967, na Mwalimu Nyerere alilirudia sana hili, kwamba serikali haina dini, watu ndio wenye dini. Ukinyimwa kazi kwa sababu hiyo tu na ushahidi unao, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inapokea malalamiko.

Mchumba wangu alibatizwa Mkatoliki akiwa mtoto, lakini haamini tena wala hafichi. Yuko tayari tufunge kanisani kwa ajili yangu. Paroko anasema mpaka kipatikane kibali. Wazazi wangu wanataka niachane naye. (Binti, Malimbe)

Paroko hajakukatalia, amefuata utaratibu. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1071, inataka kibali cha askofu pale mmoja wa wachumba anapojulikana kuwa ameiacha imani. Utaahidi kufanya unaloweza ili watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki, naye ataelezwa ahadi yako. Hapo ndipo penye kazi yenu. Kaeni mzungumze habari ya watoto sasa, kabla ya mahari, kabla ya kadi za michango. Mtoto akibatizwa, baba atakuja kanisani au atabaki nyumbani? Akiuliza kwa nini baba hasali, atajibiwa nini, na nani? Mkishindwa kuyasema haya mkiwa wachumba, mtayasema mkiwa na mtoto mgongoni.

Kuna watakaokushauri mwende bomani. Ndoa ya serikali ipo, chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, notisi siku 21, na ni ndoa kamili kisheria. Lakini wewe ni Mkatoliki unayesali, na Kanisa halitaihesabu, kwa hiyo utakaa bila Ekaristi. Asikudanganye mtu kwamba ni jambo dogo. Kwako si dogo, nimeona ulivyoandika.

Kwa wazazi, mtume mshenga mwenye umri, akawaambie hivi: kijana huyu angeweza kunyamaza, akaja kanisani miezi sita, akapiga ishara ya msalaba, akaoa, kisha akaacha. Wako wengi wa hivyo na hakuna mzazi aliyewakataa. Huyu amesema ukweli wakati ukweli unaweza kumgharimu mke. Na Paulo, alipowaandikia Wakorintho kuhusu ndugu mwenye mke asiyeamini ambaye yuko radhi kukaa naye, alisema asimwache. Najua aliwaandikia waliokwisha kuoana. Bado yanafaa kusomwa kwenye kikao hicho.

Nauza dagaa Mwaloni. Jirani yangu wa kizimba, kila nikiimba pambio, ananiambia nimedanganywa na dini ya wazungu. Jana mbele ya wateja akasema Yesu wangu hajawahi kunishushia hata ushuru. Nimeumia sana. (Mama wa dagaa)

Pole mama. Kukudhalilisha mbele ya wateja ni kosa, na kutoamini hakumpi ruhusa hiyo. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 129, inalitambua kosa la kutamka maneno kwa nia ya kuumiza hisia za kidini. Nakutajia ili ulijue, sikutumi polisi. Mtu unayeuza naye ubavu kwa ubavu, anayekulindia gunia ukienda chooni, unamfuata kwanza mwenyewe, kisha mwenyekiti wa soko.

Kuhusu wazungu, ana nusu ya habari. Kweli Mapadre Weupe walifika pwani hii ya kusini ya ziwa na kujenga Bukumbi mwaka 1883. Lakini walimkuta Msukuma anamtaja Seba, anamtaja Liwelelo, anamtaja Mulungu. Hawakuja na jina la Mungu kwenye sanduku. Kama yeye haamini hata huyo wa wazee, ana haki yake, basi aseme haamini, asiwasingizie babu zetu kwamba hawakuwa na Mungu mpaka meli ya mzungu.

Nikuulize na wewe kitu, kwa upendo. Pambio hilo unaliimba kujifariji, au kuna siku umelipandisha sauti kwa sababu yuko pale? Unayejua ni wewe. Kama siku hiyo ipo, mwanzie wewe kuomba radhi, hata kabla hajaja.

Baba yetu anaumwa sana. Miaka mingi hasali, na ametuambia akifa asizikwe kwa ibada. Mama ni mzee wa kanisa. Wadogo zangu wanasema watamleta mchungaji hata kwa siri. Kanisani nako wamesema hawatakanyaga. Naogopa tutazika peke yetu. (Kaka mkubwa, Kitangiri)

Hofu hiyo naielewa. Kwetu mtu haogopi kufa kama anavyoogopa kufa watu wasije.

Fanya hili baba akiwa bado anaongea: waite wadogo zako wote, mama awepo, na jirani mmoja mnayemheshimu. Baba aseme mwenyewe. Neno la kaka linabishiwa, la baba akiwa kitandani ni zito. Andika, wote mtie saini. Kaburi lisikutie wasiwasi, makaburi ya jiji ni ya wananchi wote, kibali mtakipata kwa mtendaji, hakuna anayeulizwa marehemu alisali wapi.

Kuhusu kuzika peke yenu, nikusimulie. Nilihudhuria mazishi Bugarika, mlimani, ya mzee mstaafu aliyekuwa na msimamo kama wa baba yako. Vijana wa mtaa walianza kuchimba alfajiri, futi ya tatu wakagonga mwamba. Mtaimbo unapiga, cheche zinaruka, kaburi haliendi. Ikafika saa nne, wanawake tumekaa kwenye turubai, watu wachache. Kisha akapanda mzee wa kanisa la jirani, amevaa suti ya kahawia. Kanisa lake lilikuwa limekataa kuja. Hakusema kitu. Alivua koti, akalikunja, akaliweka juu ya jiwe, akashuka kaburini na kuchukua mtaimbo kwa kijana aliyechoka. Nusu saa baadaye walikuwa wanaume saba wa kanisa lile, wanapokezana.

Ibada haikuwepo. Binti yake alisoma wasifu, mjukuu akaeleza jinsi babu alivyomfundisha kutengeneza redio. Kabla ya udongo, mjane akasema anaomba kuimba wimbo mmoja. Watu wakatazamana, maana marehemu alikuwa amekataza. Rafiki yake wa miaka mingi, naye asiyeamini, ndiye aliyesema: "Mwacheni aimbe, msiba ni wake." Akaimba. Beti la kwanza peke yake, la pili tukamsaidia.

Kwa hiyo, katika kikao chenu, muulize baba swali hili moja akiwa na nguvu: mama akitaka kuimba, aimbe? Jibu lake, lolote lile, mama alisikie kutoka kinywani mwake. Mchungaji wa siri waambie wadogo zako waache kabisa, baba hajawahi kuwadanganya wao. Na mtafute mapema wenye mitaimbo na nyundo nzito, Kitangiri nayo ni mawe matupu.