Saa ya Bei Nafuu Mkononi: Iulize Hatua, Usiiulize Presha

Saa ninayovaa niliinunua Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kwa shilingi 85,000. Muuzaji alianzia 110,000, tukavutana, akakubali. Ni ile mikanda myembamba ya mpira yenye kioo kidogo, ambayo Xiaomi ya China ilianza kuitoa mwaka 2014, wakati huo bila kioo, na siku hizi karibu kila kampuni ina ya kwake. Nimeivaa mwaka na miezi minne, usiku na mchana, kazini, jikoni, msibani na harusini. Wengi wananiuliza kama inafaa. Inafaa, ila kwa mambo mawili matatu tu. Mengine inayokuonyesha ni ya kuachana nayo, na moja kati ya hayo nusura limdhuru mama yangu.

Mimi ni mhasibu. Nakaa Kimara, natoka alfajiri, narudi jua limezama, na siku zote nilijihesabu kuwa mtu wa pilikapilika. Wiki ya kwanza sikubadilisha chochote, niliiacha saa inisome. Jumatatu hatua 3,104. Jumanne 2,870. Jumatano 3,260. Kumbe uchovu niliokuwa nao kila jioni haukuwa wa kutembea, ulikuwa wa kukaa: kwenye basi la mwendokasi, kwenye kiti cha ofisi, kwenye kochi. Nakushauri na wewe uanze hivyo. Wiki nzima usijitutumue, ishi unavyoishi, maana namba utakazozipata ndizo utakazozilinganisha na zote zitakazofuata.

Baada ya hapo nilibadilisha jambo moja tu. Asubuhi nashuka kituo cha Fire badala ya kwenda hadi Posta ya Zamani, namalizia kwa miguu, na jioni narudi vilevile. Kwenda na kurudi napata kama hatua 5,000 bila kulipia jimu. Masika ni habari nyingine. Bonde la Jangwani, lililo njiani, likijaa maji na mabasi yakikatishwa, safari nzima inavurugika, na siku hizo naziacha zipite. Sijidai deni.

Saa nyingi huja zimewekewa lengo la hatua 10,000. Lipunguze. Namba hiyo haikutoka hospitali. Mwaka 1965 kampuni ya Yamasa ya Japani ilitoa kifaa cha kuvaa kiunoni, ikakiita manpo-kei, yaani kipima hatua elfu kumi, na jina la bidhaa likageuka kuwa sheria ya afya. Mwaka 2019 I-Min Lee na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake zaidi ya 16,000 wa Marekani, wastani wa umri miaka 72. Waliotembea kama hatua 4,400 kwa siku walikufa wachache kuliko waliotembea 2,700, na nafuu ikaendelea kuongezeka hadi kwenye 7,500 hivi, kisha ikatulia. Sasa mtu wa hatua 3,000 ukimwekea 10,000 atashindwa siku nne mfululizo, na siku ya tano saa iko kwenye droo. Mimi nilianza na 5,000, mwezi wa pili 6,500, sasa niko 8,000 na sina haraka ya kupanda tena.

Hatua zenyewe si za kuziapia. Ndani ya saa kuna kihisi kinachosoma mtikisiko wa mkono, na programu inakisia mtikisiko upi umetoka mguuni. Ndiyo maana Jumamosi nikifua kanga na mashuka inanipa hatua mia kadhaa nami nimeketi kwenye kigoda, ilhali nikibeba ndoo ya maji, mkono umenyooka bila kucheza, nyingine inaziacha. Barabara yenye mashimo nayo huongeza zake. Haidhuru, kwa sababu kosa hilo linajirudia kila wiki kwa kiasi kilekile. Jumamosi yako ilinganishe na Jumamosi yako. Usishindane na mwenzako wa ofisini. Saa yake ni nyingine na mikono yake inafanya kazi nyingine.

Jambo la pili lenye faida ni mapigo ya moyo ukiwa umetulia. Tazama namba ya asubuhi kabla hujaamka kitandani. Kwa mtu mzima kati ya 60 na 100 huhesabiwa kawaida, lakini la muhimu ni kuijua ya kwako. Yangu ilikuwa 74 nilipoanza, na baada ya miezi mitano ya kushuka Fire ikawa 66. Siku moja mwezi wa sita niliamka ikasoma 83. Nikadhani ni usingizi mbaya. Jioni mwili ukaanza kuwaka, nikaenda zahanati, kipimo kikaonyesha malaria. Saa haikujua malaria, na homa yoyote hupandisha mapigo. Ila tangu siku ile, namba ikiruka hivyo naahirisha mazoezi na kujisikiliza.

Mapigo hayohayo yatakusaidia pia kujua kama unatembea kweli au unatalii. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani. Kwa makadirio ya haraka, toa umri wako kwenye 220 upate kikomo cha mapigo yako kwa dakika. Mimi nina miaka 41, napata 179, na mwendo wa wastani unaniweka kati ya 115 na 135 hivi. Nikiona 98 najua nimeanza kutazama madirisha ya maduka. Kama unatumia dawa za presha, hesabu hii usiitumie kabla ya kumuuliza daktari, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo huzuia mapigo yasipande.

Usingizi nauchukulia kwa tahadhari zaidi. Saa ya mkononi huona umetulia, ikaamua umelala. Tulipokesha kwenye msiba wa jirani nilikaa kimya kwenye jamvi, macho makavu, asubuhi ikaniambia nimelala kwa muda wa saa mbili na nusu. Zile sehemu za usingizi mzito na mwepesi sizitazami kabisa. Natazama muda wa kupanda kitandani na wa kuamka, na huo peke yake ulitosha kunionyesha kwamba nilikuwa nalala kwa muda wa saa tano na dakika chache tu, siku tano za wiki. Kalori ziache. Kwenye saa ya bei hii ni kubahatisha juu ya kubahatisha.

Sasa la mama.

Mama yuko Tanga, ana miaka 66, na huu ni mwaka wa tisa anatumia dawa za presha. Ndugu mmoja, kwa nia njema, alimletea zawadi ya saa kubwa ya mraba isiyo na jina la kampuni, ya shilingi 35,000, iliyouzwa kwa sifa ya kupima presha, sukari na joto la mwili. Nilipompigia kumwamkia akaniambia kwa furaha, "Mwanangu, presha imeshuka. Saa inasema 118 kwa 76, wiki ya pili sasa." Nikamuuliza mashine yake ya kupimia presha inasemaje. Mashine ameiweka kabatini. Na vidonge? Anameza siku moja, anaruka moja, maana vinamchosha.

Nilisafiri Ijumaa ileile. Baada ya shikamoo na chai nikaomba mkono wake. Mashine ya kufunga mkononi ikasoma 171 kwa 98. Tukakaa dakika tano bila kuongea, tukarudia: 168 kwa 96. Saa, kwenye mkono uleule: 119 kwa 77. Nikaivua, nikaifunga kwenye ndizi mbivu iliyokuwa kwenye sahani, tundu la pili la mkanda. Taa za kijani zikawaka chini yake juu ya ganda, namba zikazunguka, kisha kioo kikaandika 121 kwa 78. Mama aliitazama ile ndizi kwa muda, akasema taratibu, "Kwa hiyo nilikuwa nadanganywa." Jumatatu tulikwenda kliniki, akarudi kwenye dozi yake kamili.

Elewa kilichotokea, kwa sababu saa za namna hii zimejaa sokoni na wanaozawadiwa ni wazazi wetu. Mwanga wa kijani unaingia kwenye ngozi, damu inaunyonya, na kila moyo unapopiga kiasi kinachorudi kinabadilika kidogo. Kwa mabadiliko hayo saa inaweza kuhesabu mapigo. Presha ni jambo jingine kabisa. Mashine ya hospitali hukaza mkanda hadi damu isimame, kisha huulegeza na kusoma. Mkanda wa mpira wa saa ya kawaida haukazi chochote. Hata Samsung, kwenye saa zake zinazosoma presha, inamtaka mtumiaji aioanishe upya na mashine ya mkanda kila baada ya siku 28. Saa ya shilingi 35,000 isiyoomba hata kipimo cha kuanzia inatoa tu namba ya mtu mzima mwenye afya, iwe imefungwa kwa mtu au kwa tunda.

Sukari ndiyo kabisa. Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya watu kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari ya damu yenyewe bila kutoboa ngozi. Mgonjwa wa kisukari akichoma insulini kwa kufuata namba ya saa anaweza kupoteza fahamu. Oksijeni nayo iangalie kwa jicho kali. Mwaka 2020 madaktari wa Marekani walionyesha kwamba hata vile vifaa vya hospitali vya kubana kidole vilikosa kuona upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya kwa wagonjwa weupe. Ikiwa cha hospitali kinatukosea sisi, cha mkononi usikitegemee mtu anapopumua kwa shida. Mpeleke hospitali.

Ukienda kununua, mwombe muuzaji aiwashe na kuiunganisha na simu yako palepale dukani. Programu yake iwe inapatikana kwenye duka rasmi la programu la simu yako. Ukielekezwa kuipakua kwa kiungo cha pembeni, rudisha saa. Programu ikiomba majina ya simu na ujumbe wako, ikatalie; kuhesabu hatua hakuhitaji kujua unaongea na nani. Nunua chaja mbili siku hiyohiyo. Chaja hizi za sumaku hazifanani kampuni kwa kampuni, mara nyingi hata toleo kwa toleo, na yangu ilipopotea nilizunguka Kariakoo siku mbili.

Ivae mkono usioandikia, kidole kimoja juu ya mfupa wa kifundo cha mkono, ikaze kidogo unapotembea na kuilegeza usiku. Zima arifa zote isipokuwa simu zinazopigwa, la sivyo utakuwa umejifungia makundi ya WhatsApp mkononi. Chaji yangu inakaa siku kumi na mbili hivi. Naichaji Jumapili nikiwa naoga. Ukitoka baharini isuuze kwa maji yasiyo na chumvi, uikaushe pamoja na ngozi iliyo chini yake, maana jasho na chumvi vikikaa hapo upele hauchelewi.

Mama nilimnunulia kama yangu, nikafunga kila kitu ukabaki muda na hatua. Mashine yake imerudi mezani. Ana daftari la kurasa 48; upande wa kushoto anaandika presha ya asubuhi na ya jioni kutoka kwenye mashine, upande wa kulia hatua. Juzi alinisomea kwenye simu: 134 kwa 82, hatua 4,212, alikwenda soko la Mgandini kwa miguu na kurudi kwa bajaji kwa sababu ya mihogo. Halafu akaniagiza mkanda mwingine, huu umeanza kupasuka kwenye tundu, na kama upo wa rangi ya samawati nimchukulie huo.