Capri kwa siku moja na muongozaji: kilichomo kwenye bei, kisichomo, na bahari inavyoamua

Dada, umeuliza hivi: mtakuwa Napoli, Italia, na mama katikati ya mwezi wa tisa, magoti yake yanamsumbua, na mmepewa ofa ya safari ya siku moja kwenda kisiwa cha Capri na muongozaji, ikiwa na maneno "Pango la Buluu". Je, mlipie au mwende wenyewe?

Lipieni, kwa sharti moja: pesa hiyo iwe inawanunulia usafiri wa gari ndani ya kisiwa na viti vya boti ya kurudi. Hivyo viwili ndivyo vinavyomchosha mgeni Capri. Kama ofa inawapa mtu wa kushika bendera mbele yenu tu, halafu mnapanga foleni kama wengine wote, hapo hamjanunua kitu.

Isome ofa upya, neno kwa neno. Safari za Capri ni za aina mbili, na wauzaji wengi wanazichanganya kwenye tangazo moja. Ya kwanza ni ya nchi kavu: mnavuka kwa boti ya kasi (Waitaliano wanaiita aliscafo), mnapokelewa bandarini Marina Grande, mnapandishwa kwenye basi dogo hadi Anacapri, mji wa pili wa kisiwa ulio juu zaidi, kisha mnashushwa mji wa Capri, mnapewa muda wenu, mnarudi. Ya pili ni ya baharini: boti ndogo ya watu kumi na kidogo, mara nyingi inatokea mji wa Sorrento ng'ambo ya kisiwa, inazunguka kisiwa kizima, inasimama watu waogelee, halafu inawaacha kisiwani saa tatu au nne bila muongozaji. Ya pili ndiyo yenye picha nzuri kwenye tangazo. Kwa mtu mwenye magoti mabovu, chagua ya kwanza, maana kwenye boti ndogo kila kupanda na kushuka ni kuruka pengo kati ya gati na ubao unaocheza.

Angalia pia neno wanalotumia kwa huyo mtu wa kuwaongoza. Italia muongozaji wa watalii ni kazi yenye leseni, guida turistica. Accompagnatore ni msindikizaji: anahesabu watu, anashika tiketi, anawaonyesha mlango. Wote wawili wana faida yao, ila bei zao zisilingane. Ukiona "na msaidizi" au "na msindikizaji", ujue hakuna atakayewaelezea historia.

Sasa Pango la Buluu, Grotta Azzurra, maana hapa ndipo watu wengi wanaporudi na uchungu. Pango liko upande wa kaskazini-magharibi wa kisiwa. Mdomo wake una urefu wa kama mita moja tu juu ya maji na upana wa mita mbili hivi. Haliingiliki kwa boti ya injini. Boti yenu inasimama nje, mnashuka kwenye mashua ndogo ya makasia ya watu wanne hivi, mnakaa sakafuni na kulala chali kabisa, kichwa cha mmoja kwenye mapaja ya mwenzake. Mpiga makasia anasubiri wimbi lishuke, anashika mnyororo uliofungwa kwenye mwamba na kuivuta mashua ndani kwa mkupuo mmoja. Mkizembea kuinamisha kichwa, mwamba upo.

Ndani, sababu ya ule mwanga ni hii: chini ya mdomo ule mdogo kuna uwazi mwingine mkubwa zaidi, uliozama. Jua linapitia humo, maji yanakula rangi nyekundu na kuiachia buluu, kwa hiyo pango linamulikwa kutoka chini badala ya juu. Mpiga makasia akitumbukiza kasia, linang'aa kama fedha. Ni kitu kizuri kweli, na saa za mchana jua likiwa juu ndizo zenye rangi kali kuliko asubuhi mapema au jioni. Lakini mnakaa ndani dakika tano hivi, na kuogelea hakuruhusiwi. Foleni ya nje wakati wa watalii wengi inafika saa nzima na zaidi, mkiwa juani kwenye boti iliyosimama, inayumba, na moshi wa injini za wenzenu unawafikia. Watu wasiotapika boti ikienda kasi wanatapika hapo.

Malipo ya pango karibu kila mara hayamo kwenye bei ya safari. Ni kama yuro 18 kwa mtu, mnalipa hapo hapo kwenye kibanda kinachoelea, na mpiga makasia anategemea bahashishi juu yake. Na linafungwa bila taarifa. Upepo wa kaskazini-magharibi, maestrale, unapiga moja kwa moja kwenye mdomo ule. Wimbi la nusu mita, ambalo mahali pengine usingelijali, linatosha kuziba nusu ya njia. Jua linaweza kuwaka, anga haina wingu, na pango limefungwa. Uamuzi hutolewa asubuhi ile ile, na linaweza kufunguliwa saa tatu likafungwa saa sita. Kwa hiyo tangazo likisema "pamoja na Pango la Buluu", waulize kwa maandishi: mnalipa kiingilio au mnatufikisha mlangoni tu? Likifungwa, mnatupeleka wapi badala yake, na mnarudisha kiasi gani?

Kwa mama, mimi ningeliacha pango. Kushuka kutoka boti kubwa kwenda mashua, vyote viwili vikicheza, kisha kuchuchumaa na kulala sakafuni, kisha kuinuka tena: hiyo ndiyo kazi magoti yake yasiyoiweza. Njia ya nchi kavu ipo, basi kutoka Anacapri hadi juu ya pango, ila mwisho wake ni ngazi za kuteremka hadi kwenye mashua ile ile. Wewe ukitaka kwenda, mama abaki na kikundi Anacapri.

Napoli kuna sehemu mbili za kupandia na watu wanazikosea. Boti za kasi zinaondoka Molo Beverello, mbele ya ile ngome kubwa ya Maschio Angioino, na zinachukua kama dakika 50. Feri kubwa za polepole zinatokea Calata Porta di Massa, zinachukua kama saa moja na dakika ishirini. Kutoka stesheni kuu ya treni, Napoli Centrale, mnachukua metro laini ya 1 kituo cha Garibaldi na kushuka Municipio, kituo cha tatu, halafu ni kutembea kidogo. Mkichukua teksi, mwambieni dereva kabla hajaondoka kwamba mnataka tariffa predeterminata, yaani bei maalumu iliyopangwa. Gari likishaanza kwenda, mita ndiyo inayohesabu.

Boti ya kasi ni kama zile za Dar kwenda Unguja: bahari ikichafuka inarusha, na hamna pa kutoka nje kupunga upepo. Kaeni chini, katikati au nyuma, msikae mbele. Dawa ya kichefuchefu inywewe nusu saa hadi saa moja kabla ya kuondoka. Mtu akishaanza kuumwa haisaidii sana. Bahari ikizidi, boti za kasi ndizo za kwanza kufutwa na feri kubwa ndizo za mwisho, kwa hiyo asubuhi ya upepo mwulizeni muongozaji kama ana njia ya kuwahamishia kwenye feri. Begi kubwa hulipiwa tiketi yake, acheni hotelini. Kuna na ushuru wa kushukia kisiwani, huwa umeshajumlishwa kwenye tiketi ya boti.

Kama mnalala Roma na si Napoli, safari hii kwa siku moja siishauri kwa mtu mzima. Treni ya kasi peke yake ni saa moja na dakika kumi hivi kila upande, ongeza kuhangaika bandarini, ongeza boti; mnapata saa nne au tano za kisiwa ndani ya siku ya saa kumi na nne. Laleni Napoli au Sorrento usiku mmoja. Kutoka Sorrento boti ni dakika 20 hadi 25 tu.

Mkishuka Marina Grande mtaona kila mtu anakimbilia kulia na kushoto. Mji wa Capri uko juu, na kinachopandisha watu ni funikula, kigari cha reli kinachovutwa kwa kamba, kilichopo tangu 1907. Kupanda ni dakika nne. Foleni yake ndiyo inaweza kuwa dakika arobaini, boti mbili tatu zikifika pamoja. Magari ya wasio wakazi hayaruhusiwi kisiwani miezi ya utalii, na mabasi ya umma ni madogo sana kwa sababu barabara ni nyembamba. Yanajaa, na watu wanasafiri wamesimama huku basi likikata kona za ukingoni mwa mwamba. Ndiyo maana nasisitiza basi dogo la kikundi. Kama wenye ofa wanatumia usafiri wa umma, kataeni kwa ajili ya mama.

Mpangilio mzuri wa siku ni kuanza juu. Wengi wanaganda mji wa Capri kwanza, kwa hiyo Anacapri saa tatu na nusu asubuhi inapumua. Hapo mna mambo matatu. Villa San Michele, nyumba ya daktari Msweden Axel Munthe, ina ukumbi na bustani na sanamu ya sphinx ya mawe inayotazama ghuba yote ya Napoli. Ina ngazi chache, na mama ataweza. Kanisa la San Michele lina sakafu ya vigae vilivyochorwa bustani ya Edeni, ya mwaka 1761. Mnaitazama mkizunguka juu ya mbao pembeni, na kuna ngazi nyembamba ya kuiona kutoka juu. Ni pa dakika ishirini, na pazuri kuliko watu wanavyodhani.

La tatu ni kilele cha Monte Solaro, mita 589. Mnapanda kwa kiti cha waya cha mtu mmoja mmoja, dakika kama 13. Kiti hakisimami: mnasimama kwenye alama, kinakuja kwa nyuma, mnakaa, mhudumu anafunga chuma. Juu mnatakiwa kushuka na kupisha pembeni haraka. Begi liwe mapajani, viatu viwe vya kufunga, maana ndala huanguka kwenye mashamba ya watu. Mama akiweza kuinuka kwenye kiti cha kawaida bila kushikwa mkono, ataweza, asipoweza, msijaribu. Upepo ukiwa mkali kinafungwa. Kama mna nafasi ya jambo moja tu la kulipia kisiwani, basi liwe hili, kabla ya pango. Mkiwa juu mnaona mlima wa volkano Vesuvio, rasi ya Sorrento na ile miamba mitatu ya baharini, Faraglioni, mrefu kuliko wote ukiwa na mita 109, na wa katikati una tundu ambalo boti hupita.

Mji wa Capri baada ya mchana ni kwa kutembea polepole. Kutoka uwanja mdogo wa Piazzetta hadi Bustani za Augusto ni mteremko laini wenye sakafu nzuri, dakika 10 hadi 15, na hakuna magari. Kutoka pale mama ataiona Faraglioni kwa karibu bila kupanda chochote. Villa Jovis, kasri la mfalme Tiberio aliyetawala dola ya Kirumi akiwa kisiwani hapa kuanzia mwaka 27 hadi kufa kwake mwaka 37, iacheni: ni kupanda kwa dakika 45 kwa miguu na hakuna gari linalofika.

Chakula: msikae meza za Piazzetta kama hamjaangalia bei, kahawa ya mezani na kahawa ya kusimama kaunta ni bei mbili tofauti. Kwa wasiokula nguruwe wala pombe, ravioli alla caprese ni jibini na majani ya marjoram, na saladi ya caprese ni nyanya, mozzarella na basil. Mikate iliyojazwa, nyingi ina prosciutto. Keki ya torta caprese ya chokoleti na lozi huweza kuwa na pombe kidogo, na ile ya limau mara nyingi imetiwa limoncello, kwa hiyo ulizeni, "c'è alcol?"

Bebeni pasipoti halisi, au kibali cha ukaazi kwa mnaoishi Ulaya. Capri ni Italia, hakuna uhamiaji, viza yenu ya Schengen inatosha, ila askari anaweza kuuliza karatasi.

Kurudi ndiko kunakovuruga siku nzuri. Kila kikundi kinataka boti za saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, na wote wanashuka kwa funikula ile ile. Ondokeni Piazzetta saa moja kamili kabla ya boti, hata muongozaji akisema nusu saa inatosha. Kuna njia ya ngazi za kuteremka bandarini, lakini kwa magoti hayo haifai kabisa, kwa hiyo foleni ikiwa imezidi panda teksi na mama, mjulishe muongozaji, mkutane gatini. Na tiketi zenu za kurudi mzishike nyinyi wenyewe tangu asubuhi. Kikundi kikigawanyika, asiye na tiketi mkononi ndiye anayeachwa.