Maswali ya Wasomaji: Dodoso la WhatsApp au kwenda mlangoni?

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa uzamili. Nachunguza kipato cha kina mama wanaolima mwani katika shehia mbili za mashariki ya Unguja. Wako kama 600. Nina wiki 6 na shilingi 1,000,000. Wenzangu wanasema nitengeneze dodoso la mtandaoni, nilitupie kwenye makundi ya WhatsApp. Msimamizi wangu anataka wahojiwa 240. Nifuate lipi?
*Msomaji, Unguja*

Jibu: Ndugu yetu, kabla ya pesa jiulize: njia hii inamwacha nani nje? Kiungo cha WhatsApp kinamwacha mama asiye na simu janja, asiyesoma kwa wepesi, na ambaye bando limemwishia. Huyo ndiye mwenye kipato kidogo unayemtafuta. Tena kiungo husambaa. Kitajibiwa na kijana aliyeshika simu ya mama yake, au na mtu wa Pemba aliyerushiwa na rafiki yake, nawe hutajua. Hata ukipata majibu 240, hutaweza kusema ni 240 kati ya wangapi walioulizwa. Kasoro hiyo haitibiki kwa wingi wa majibu.

Nenda mlangoni. Dodoso la dakika 40, ukijumlisha salamu na mwendo, linampa mdadisi mahojiano matano kwa siku. Wadadisi wawili, kumi. Watu 240 ni siku 24. Tuseme posho ni 30,000 kwa siku kwa kila mdadisi: hapo umeshafika 1,440,000, na pesa hiyo huna. Watu 120 ni siku 12, shilingi 720,000, na zinabaki 280,000 za nauli, jaribio na kurudia nyumba. Hiyo 240 ya msimamizi inatoka kwenye fomula ya Yamane ya kukadiria idadi ya wahojiwa, 600 ÷ (1 + 600 × 0.05²), yaani umekubali kukosea kwa asilimia 5. Ukiwa na 120 waliochaguliwa kwa bahati nasibu, kiwango cha kukosea kinapanda hadi karibu asilimia 8. Mpelekee hesabu hiyo waziwazi. Sisi tungechukua 120 waliopatikana kwa utaratibu kuliko 240 wa kuokoteza.

Kazi ngumu iko kwenye orodha. Daftari la kaya huanza na mkuu wa kaya, mara nyingi mume. Orodha ya ushirika huwaacha wasio wanachama. Unganisha ya ushirika na ya wakala anayenunua mwani, kisha ondoa waliojirudia kwa kulinganisha majina matatu pamoja na nyumba, maana majina mawili yanafanana mno. Halafu, kwa kuwa 600 ÷ 120 ni 5, piga kura kupata namba kati ya 1 na 5, uanzie hapo na kuruka watano watano. Lakini kagua kwanza orodha ilivyopangwa. Ikiwa imeandikwa kikundi kikundi, watu watano watano, mwenyekiti akitangulia, ukianzia namba 1 utahoji wenyeviti watupu. Ichanganye upya kabla ya kuruka.

Asiyekutwa nyumbani arudiwe mara mbili, kwa saa tofauti. Usimchukue jirani badala yake. Utajaza sampuli kwa wanaoshinda nyumbani.

Na ratiba ifuate maji. Wakati wa bamvua, bahari ikikupwa sana, kina mama wako shambani. Mdadisi atakuta milango imefungwa, au atajibiwa kwa haraka na mtu aliyekwishabeba kamba zake begani. Siku nyingi za mahojiano ziangukie maji mafu, bahari isipokupwa sana. Ndani ya wiki 6 utapata vipindi vitatu hivi.

Swali la "kipato chako kwa mwezi ni kiasi gani?" litakuletea namba ya kubahatisha. Uliza mavuno ya mwisho: ulikausha kilo ngapi, kilo uliuza bei gani, nani alipokea pesa. Taja "mkavu" ndani ya swali lenyewe, kwa sababu mwani mbichi ukianikwa uzito wake hushuka mara kadhaa. Akijibu "mapolo matatu", yaani magunia, mdadisi asikadirie. Lipimwe polo moja kwa mizani ya kuning'iniza. Maswali haya yajaribu kwanza kwa wakulima wanane au kumi wa shehia nyingine, saa mkononi.

Swali: Kikundi chetu kinataka kufuatilia bei za mahindi kwa wakulima kila mwezi. Simu haitoshi?
*Msomaji, Morogoro*

Jibu: Inatosha, kwa watu mliokwisha kuwatembelea. Sauti za Wananchi, utafiti wa simu wa shirika la Twaweza, ilianza mwaka 2012 kwa kwenda kwenye kaya 2,000 za Tanzania Bara, ikaacha simu na chaja za sola, ndipo ikaendelea kwa kupiga simu. Chukueni namba mbili kwa kila mkulima, ya pili iwe ya ndugu au jirani. Mazungumzo yasizidi dakika 15. Asiyepokea apigiwe mara tatu, siku na saa tofauti, kabla ya kumhesabu amekosekana. Anzeni kwa kuuliza kama yuko mahali pa kuzungumza, kwa sababu mtu hataji deni lake akiwa amekaa na mkopeshaji.

Swali: Karatasi au kishikwambi?
*Msomaji, Mombasa*

Jibu: Kishikwambi, au hata simu ya kawaida ya Android yenye KoboToolbox au ODK, programu za kukusanyia majibu ya dodoso. Zote mbili hujaza fomu bila mtandao, na mdadisi hutuma jioni akipata mtandao. Wekeni mipaka ya majibu, lakini kila swali liwe na "hajui" na "amekataa", la sivyo mdadisi atabuni namba ili aruhusiwe kusonga mbele. Msiandike 99 kumaanisha "hajui" kwenye swali la kilo: itaingia kwenye wastani kama kilo 99. Tumieni -99, na muiondoe kabla ya kukokotoa. Kagueni fomu kila usiku wadadisi wakiwa bado kijijini. Kosa likigundulika wameshaondoka, kulirekebisha ni nauli nyingine.