Semois: Tumbaku Inayotaka Uiache Ilivyo

Msomaji mmoja wa Mombasa ameniandikia: "Kaka, shemeji kaniletea Semois, ile tumbaku ya kiko, kutoka Ubelgiji. Kufungua karatasi, nakuta imekauka kama majani ya mgomba. Nikaitia koponi pamoja na kipande cha tufaha ipate unyevu. Sasa imeota ukungu. Ndiyo hiyo unayotusifia kila siku?"

Ndiyo hiyo. Na jibu langu litakuwa refu, maana swali hili si lako peke yako. Wengine hata hawaulizi, wananicheka tu.

Kwanza niseme jambo moja. Hapa naongea na watu ambao kiko wanacho tayari. Kama huvuti, usianze kwa ajili yangu. Tumbaku isiyotiwa kitu bado ni tumbaku, na kinywa na koo havijali ilitoka bonde gani.

Mimi ni mtoto wa Urambo, na mtu wa Tabora tumbaku anaijua kabla hajajua kusoma. Kwetu tulilima tumbaku ya mvuke, ile inayokaushwa kwa joto la moto: bani, yaani nyumba ya kukaushia, kuni za miombo, moto wa kulinda usiku kucha, mzee akiingia na kutoka kupapasa majani. Joto lile hulikausha jani kwa siku chache tu, kabla halijaila sukari yake. Ndiyo maana tumbaku ya kwetu hutoka ya njano na yenye utamu wa kuzaliwa nao. Semois ni tumbaku ya hewa. Majani huning'inizwa kwenye mabanda ya mbao yenye nafasi za kupitisha upepo, na hukaa humo kwa wiki nyingi. Jani hufa polepole, na wakati linakufa linaendelea kula sukari yake mpaka inabaki kidogo sana. Linageuka kahawia. Ukilivuta ukitegemea utamu, umekosea mlango.

Nilipohamia Ubelgiji sikujua kwamba huku nako kuna wakulima wa tumbaku. Nilikuwa nafikiri chokoleti na bia. Mto Semois, ulioipa tumbaku hii jina, unaanzia Arlon, kusini-mashariki mwa nchi, ukajipinda ndani ya misitu ya Ardennes, ukapita chini ya ngome ya Bouillon, ukafika Alle, Vresse na Bohan, kisha ukavuka mpaka na kumwagikia mto Meuse pale Monthermé, Ufaransa. Bonde ni jembamba na kuta zake ni za mwinuko mkali. Ukungu wa asubuhi hukaa mpaka uchoke wenyewe. Mtu wa Urambo akionyeshwa mahali pale na kuambiwa palime tumbaku, ataomba kuonana na aliyemtuma. Lakini katikati ya karne ya 19 mwalimu wa shule ya Alle, Joseph Pierret, aliipanda na kuwavuta wenzake waipande, ikawa zao la bonde zima. Mwanzoni mwa karne ya 20 miche ilihesabiwa kwa mamilioni.

Halafu ikaporomoka. Watu wakahamia sigara, ugonjwa wa ukungu wa buluu ukapiga mashamba ya Ulaya miaka ya mwisho ya 1950 na mwanzo wa 1960, na vijana hawakutaka tena kazi ya kuinama siku nzima kuvunja machipukizi. Hapo siwalaumu, nami niliikimbia kazi hiyohiyo. Leo wakulima waliobaki ni wa kuhesabu kwa vidole. Mabanda ya mbao bado yanaonekana kandokando ya mto, mengi yakiwa matupu. Pale Corbion, juu ya Bouillon, Vincent Manil ameendelea na kazi hiyo, na ana makumbusho madogo ya tumbaku. Nilipoingia na kunusa, nilijua niko wapi kabla macho hayajazoea mwanga.

Tumbaku hii baada ya kukauka hukatwa, huokwa kidogo kwa joto, kisha hushindiliwa ndani ya karatasi, gramu 100, ikatoka na umbo la tofali. Haitiwi sharubati, vanila wala pombe, na hakuna kemikali ya kuizuia isikauke. Ukifungua unanusa nyasi za zamani, mbao, majani ya chai, na kwa mbali kakao isiyo na sukari. Ukiwasha, inaelekea zaidi upande wa sigaa, ile biri nene ya jani la tumbaku, kuliko upande wa tumbaku za kiko ulizozizoea. Ina udongo ndani yake. Inaungua mpaka mwisho, na kiko kinabaki na jivu la kijivu, bila tope chini.

Sasa niwaambie kwa nini naitetea hivi. Katika mji ninaoishi kuna kikundi cha wavuta kiko, wazee wengi, waungwana wa makoti. Nilialikwa. Kila mtu aliweka kopo lake mezani, makopo ya rangi yenye picha za meli na maaskari. Mimi nikaweka tofali langu la karatasi. Mmoja akalichukua kwa vidole viwili, akawauliza wenzake kwa sauti kama siku hizi tunavuta tumbaku ya wakata kuni. Wakacheka. Kisha akanigeukia na kunieleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto, tumbaku hutoka kwenye mmea gani. Mimi! Nimepanga madaraja ya tumbaku nikiwa sijaota ndevu!

Nilinyamaza, maana nilikuwa mgeni. Lakini sijasahau. Siku nyingine bwana huyohuyo alisogea pembeni yangu akaomba kujaza kiko chake kwenye karatasi yangu, na tangu hapo anaomba kila tunapokutana. Nampa. Namwangalia tu.

Basi, ushauri. Usiiloweshe. Hii ndiyo nukta kubwa na nitairudia. Semois huvutwa ikiwa kavu, imeandaliwa hivyo makusudi. Tufaha, ganda la kiazi, kitambaa chenye maji, vyote weka mbali. Ukiilowesha itawaka kwa shida, utavuta kwa nguvu, mvuke utakuunguza ulimi, halafu utakuja kunilaumu mimi. Na iliyoota ukungu haikaushwi wala haichambuliwi, hutupwa.

Jaza kiko kwa mkono mwepesi. Tumbaku kavu ukiishindilia inaziba, na ukiilegeza mno inawaka mbio na kuwa chungu. Kidole kitakuonyesha. Vuta polepole. Nasema tena, polepole, pumzi ndogo, hata moto ukikaribia kuzima. Ukizima washa tena, hakuna anayekuandikia alama.

Kula kwanza. Hili wengi hulidharau. Tumbaku ya hewa ina sukari kidogo, na moshi wake hauna ile tindikali ya tumbaku ya mvuke, kwa hiyo nikotini hupita haraka kwenye ngozi ya kinywa. Mwenye tumbo tupu atatafuta kiti, na jasho litamtoka Ulaya wakati wa baridi.

Na usiivute kwenye kiko ulichokizoesha tumbaku za vanila. Harufu ile haitoki, na Semois haina kelele ya kushindana nayo. Tenga kiko kimoja, hata cha bei ndogo.

Ndiyo hayo tu. Hakuna siri zaidi, na huo ndio ugumu wake, kwa sababu sisi tumezoea kuongeza. Tumeharibiwa na vitu vyenye kunukia kabla hujavionja. Mtu ananunua kopo kwa picha, anavuta cheri na asali, anajiita mjuzi, na jani lenyewe hajawahi kulionja hata siku moja. Ukimpa jani tupu anasema halina ladha. Jani lina ladha, ndugu yangu. Mpe ulimi wako muda wa kusahau sukari, wiki kadhaa hivi, ndipo uhukumu. Asiyeweza kungoja aendelee na cheri yake, lakini asije kunifundisha tumbaku.

Kuhusu kuipata: Ubelgiji imekataza kuuza tumbaku kwa mtandao, na tangu Aprili 2025 maduka hayaruhusiwi hata kuionyesha kwenye rafu. Kwa hiyo shemeji asizunguke dukani akitafuta kwa macho, aulize mwenye duka kwa jina. Akiweza kufika Bouillon na Corbion, afadhali zaidi. Zamani watu wa mpakani waliivusha kwa magendo usiku kupitia msituni hadi Ufaransa, ambako serikali ilihodhi biashara ya tumbaku na bei ilikuwa juu. Nyinyi msijaribu ushujaa huo uwanja wa ndege. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki humruhusu abiria mtu mzima kuingia na tumbaku isiyozidi gramu 250 bila ushuru, sigara zikihesabiwa humohumo. Matofali mawili yanaingia humo. La tatu alitangaze na alilipie.